Bendera za Laini ya Saba

Kama ungeingia kwenye kiwanda kile cha mashati saa tisa alasiri, mwezi wa kwanza wa bendera, ungemtambua Sindano bila kuonyeshwa. Wenzake wote wameinamia vyerehani. Yeye kasimama kwenye ncha ya meza ya laini ya saba, shingo imenyooka kuelekea mlango wa ofisi, vidole vinachezea utepe wa kupimia unaoning'inia kifuani. Mama mzima wa miaka arobaini na minane, bibi wa wajukuu wawili, na moyo unamdunda kama wa mwanafunzi anayesubiri matokeo. Mlango ukifunguka, karani akatoka na bendera ya njano mkononi, halafu miguu ya karani ikakata kona kuja laini ya saba, basi siku hiyo hata ukimkanyaga Sindano atakuambia asante.

Bendera yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa kipande cha kitambaa cha pembetatu kilichofungwa kwenye kijiti na kuchomekwa kwenye tundu la meza. Mtu aliyeshona mashati kwa miaka ishirini na sita hakupaswa kubabaishwa na kipande cha kitambaa. Lakini alibabaika, tena sana, na mimi simlaumu, maana waliobuni mpango ule walijua wanachokifanya.

Mpango ulikuja na meneja mpya wa uzalishaji, mwanamume mfupi, nadhifu, aliyevaa kipenga shingoni kama refa. Jina lake la kwenye barua hakuna aliyejisumbua nalo. Kiwanda kizima kilimwita Bwana Kipenga. Kabla hajamaliza wiki alishabandika karatasi ubaoni. Laini zilikuwa nane, kila moja ina wanawake kumi na wanne, kuanzia anayeunga mabega hadi anayetia vifungo. Laini itakayovuka mashati mia sita kwa siku na ziada ya ishirini itapewa bendera ya njano. Itakayofika mia sita bila ziada hiyo haipewi kitu. Itakayopungukiwa itapewa nyekundu. Wenye njano watakula kwanza, chakula kikiwa bado kinatoa mvuke, na feni kubwa zitageuzwa kuwatazama wao. Wenye nyekundu watakula mwisho, yale ya kukwangua, na Jumatatu watasimama mbele ya kiwanda kizima wakati makosa yao yanasomwa. Kila laini ilipewa kibao kimoja cha mbao cha kwendea choo. Huna kibao, huendi. Na mtu akimripoti mwenzake anayepiga soga kazini, laini yake inaongezewa mashati kumi kwenye hesabu.

Ukiusikia kwa mbali mpango huo utacheka, utasema ni mambo ya chekechea. Kaa ndani sasa, jasho linakutiririka mgongoni, na feni mbili zinawapuliza laini ya tatu peke yao mpaka nywele zinawapepea. Hapo kicheko kitakuisha.

Sindano, kiongozi wa laini ya saba, hakuwa na haja hata ya kusukumwa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kushindana. Alishindana na kaka yake hata kuosha vyombo, nani amalize sufuria zake kwanza. Jina la Sindano alipewa kiwandani kwa wembamba wake na kwa mdomo wake, na yote mawili aliyafurahia. Kwa hiyo bendera ya kwanza ya njano iliposimama kwenye meza yake, mwanamke alivimba. Akawa anatembea kati ya vyerehani mikono nyuma, anapiga makofi ya haraka haraka, anaita, "Mikono, mikono, mikono." Kibao cha choo alikikalia. Sisemi kwa mfano. Alikiweka kwenye kiti chake akakikalia, na aliyebanwa ilibidi aje ajieleze.

"Kubwa au ndogo?" Sindano anauliza.

"Ndogo, dada."

"Ndogo inasubiri. Rudi ukamalize mikono ya hayo mashati."

Wiki ya kwanza walipata njano nne. Sindano alirudi nyumbani akiimba.

Aliyekuwa akirudi naye, hatua mbili nyuma, ni wifi yake. Huyu alikuwa mjane wa yule kaka wa kuosha vyombo. Kaka alipofariki, miaka minne nyuma, Sindano ndiye aliyemwingiza wifi yake kiwandani, na ndiye aliyemhamishia kwenye uwanja wake: vyumba viwili vinatazamana, jiko moja, watoto wawili wa marehemu wanalala walikochokea. Wifi alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, na alishona kola. Ukitaka kumpima mshonaji usitazame mgongo wa shati, tazama kola. Kola za wifi zilikaa shingoni kama zimezaliwa hapo.

Ila mwaka ule mkono wake ulikuwa umepungua kasi. Mashati yalifika kwake yakasimama. Upande wake wa kushoto kuliota mlima wa kola zisizoshonwa, na upande wa kulia waliotia vifungo walikaa wakipiga miayo. Sindano alimsema kistaarabu, kisha akamsema bila ustaarabu. Siku moja alimwambia mbele ya laini nzima kwamba kaka yake angekuwa hai angemwonea aibu. Wifi aliinama akaendelea kushona. Jioni hiyo Sindano alijipa moyo kwamba anamkomaza.

Wiki ya pili ikaja nyekundu. Wiki ya tatu nyekundu nyingine. Hapo ndipo watu walipokwenda kuisoma karatasi ya ubaoni mpaka chini kabisa, pale ambapo siku ya kwanza hakuna aliyefika. Laini itakayopata nyekundu tatu ndani ya mwezi mmoja itapunguzwa mtu mmoja. Na atakayepunguzwa hatachaguliwa na ofisi. Atachaguliwa na wanalaini wenyewe, kwa kura ya siri, Ijumaa baada ya kazi. Bwana Kipenga alipoulizwa alisema hiyo ndiyo demokrasia.

Nikiifikiria kura ile damu hunichemka. Ofisi haikutaka kummwagia mtu unga kwa mkono wake. Ilitaka mkono uwe wa jirani yako wa cherehani, ili ukitoka getini na kibegi chako umchukie yeye, na yeye akuogope wewe, na ofisi ibaki safi kama shati jipya.

Laini ya saba ikabadilika. Soga zikaisha, hata zile za kwenye bomba la kunawia mikono. Wanawake walikaa makundi madogo, na Sindano akisogea wananyamaza. Hakushangaa. Alijua wanamzungumzia wifi yake, na alijua wananyamaza kwa kumstahi. Kila jicho si lilikuwa kwenye ule mlima wa kola? Jumanne jioni, akikoroga uji jikoni, alijikuta anaiwaza ile karatasi ndogo ya kura. Jina la kwanza lililomjia lilikuwa la wifi yake. Akalifukuza. Likarudi. Mara ya tatu akaliacha likae, akaendelea kukoroga.

Jumatano karani alihesabu mashati ya laini ya saba: mia tano themanini na moja. Yamepungua kumi na tisa. Ilikuwa nyekundu ya tatu, haina ubishi, isipokuwa siku hiyo bendera hazikuletwa mezani. Bwana Kipenga alimwita Sindano ofisini.

"Mama, kesho saa nne tunapata wageni. Wanunuzi wakubwa. Wanakuja kuutazama mpango wetu wa motisha," alisema, na neno motisha alilitamka taratibu. "Bendera zimepauka, zinatia aibu. Nataka mpya. Njano nane, nyekundu nane, nikizichomeka kesho asubuhi zing'ae."

"Nishonee hapa, bosi?"

"Vyerehani vya hapa ni vya mashati. Si unacho cha kwako nyumbani? Saa moja ziwe mezani kwangu, zimepigwa pasi."

Akampa kitambaa, kipande kirefu cha njano na kirefu cha nyekundu, vilivyopimwa na mtunza stoo mwenyewe: kila bendera na mstatili wake, mara nane. Na Sindano, nawaambia ukweli, alitoka mle ndani amefurahi. Kati ya wanawake mia moja na kumi na mbili, ameitwa yeye. Alikuwa ameshafika nje ya geti alipokumbuka kwamba moja ya hizo nyekundu anakwenda kuishona kwa ajili ya meza yake mwenyewe.

Nyumbani jua lilikuwa bado. Alitandika mkeka uwanjani, akatoa cherehani chake cha mkono, akamwita wifi amsaidie kupiga pindo. Wifi alikuja, akakaa, akachukua sindano na uzi.

Uzi haukuingia. Wifi akaulowesha mdomoni, akausokota, akajaribu tena. Haukuingia. Akaigeuza sindano kuelekea kwenye mwanga, akajaribu mara ya tatu, ya nne, na kila mara uzi ulipita pembeni ya tundu, tena mbali nalo. Sindano aliacha kugeuza gurudumu la cherehani. Miaka yake ishirini na sita ya kazi haikumsaidia kuliona jambo hili lililokuwa mbele ya pua yake.

"Tangu lini huoni?" aliuliza.

"Naona."

"Wifi, tangu lini?"

Wifi aliweka sindano gotini. "Mwaka jana. Vya mbali naona. Vya karibu vinafanya ukungu. Kola naishona kwa kupapasa."

"Na mimi nakupigia kelele kila siku. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningemwambia nani?" wifi alisema, bila ukali wowote. "Wewe wifi yangu, au kiongozi wa laini?"

Sindano aliliachia gurudumu la cherehani. Aliona aibu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu anashona kola mia sita kwa kupapasa na ncha za vidole, zinatoka sawa, halafu anaitwa mzembe mbele za watu, na anayemwita hivyo ndiye anayekula naye chungu kimoja. Akachukua ile sindano, akautia uzi kwa mara moja, akamrudishia. Kisha akavuta kitambaa cha njano, akakitandaza mkekani, akaanza kuchora kwa chaki, ilimradi asimtazame wifi usoni.

Mkono wa mtu aliyezoea kukata haupotezi kitambaa, hata kichwa kikiwa kwingine. Alichora pembetatu ya kwanza kitako chini, ncha juu. Ya pili aliigeuza, ncha chini kitako juu, ikajilaza ubavuni mwa mwenzake bila kuacha nafasi, jinsi wanavyopanga vipande kwenye meza ya kukatia. Ya tatu juu, ya nne chini. Alipofika mwisho wa kitambaa akainuka kunyoosha mgongo, akahesabu. Akahesabu tena. Akamwita wifi.

"Hesabu wewe, kwa kidole."

Wifi alipapasa mistari ya chaki. "Kumi na tano."

"Si kumi na tano?"

"Kumi na tano, na vijipande viwili vya kutupa."

Mtunza stoo alipima mistatili, mtu mzima na akili zake, wakati bendera ni pembetatu. Na Bwana Kipenga, anayehesabu mpaka mtu anapokwenda chooni, hakujua kukata. Nane zake, saba zimebaki. Sindano alizitazama hizo saba, na ule moyo wa saa tisa alasiri ukaanza kumdunda upya, safari hii kwa ajili ya kitu kingine kabisa.

"Kesho nani ana njano?" aliuliza, na akajijibu mwenyewe kwa vidole. "Laini ya kwanza, ya tatu, ya nane. Sisi na laini ya pili nyekundu. Laini tatu zilizobaki hazina kitu. Tano, wifi. Tunahitaji tano tu."

"Tano za nini?"

Alipomweleza, wifi aliziba mdomo kwa kiganja, na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Walishona mpaka giza lilipoingia. Nyekundu alikata nane tu, hakuongeza hata moja.

Alhamisi saa moja kamili Sindano alikabidhi bendera kumi na sita, pasi imepita, pindo limenyooka. Bwana Kipenga alizihesabu mara mbili, akaridhika. Saa moja na nusu alishapita mezani akachomeka zake: njano tatu, nyekundu mbili, na meza tatu zikabaki na matundu wazi. Kisha akaenda kujitengeneza tai.

Zile za ziada Sindano alikuwa amezifunga kiunoni, chini ya koti la kazi. Kwenye bomba la kunawia mikono aliwakusanya viongozi wa laini, akajifanya anaosha mikono, akawaambia. Laini ya pili ilikubali kabla hajamaliza sentensi. Zile tatu zisizo na kitu zilikubali, na ya kwanza na ya nane zikaapa kutunza siri. Aliyebaki ni kiongozi wa laini ya tatu, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, ambaye kwa ushindi wake wa kila wiki walimpachika jina la Malkia. Malkia na Sindano hawakuwa wameamkiana tangu mpango uanze. Akienda ofisini sasa hivi na habari hii, laini yake ingepewa mashati kumi ya bure, na pengine kumi mengine kwa ukubwa wa siri.

Malkia aliishika bendera, akapitisha kidole gumba kwenye pindo. "Hii ni kazi yako. Pindo hili nalijua."

"Ni yangu."

"Kipenga ananipulizia feni mpaka nimepata mafua," Malkia alisema. "Na wiki ijayo laini yangu inapewa mashati ya kitambaa kizito. Mia sita hatufiki hata tukishona kwa miguu. Nani atasimama Jumatatu mbele za watu? Mimi hapa." Akamrudishia. "Chomekeni. Mimi sijaona kitu. Ila kula tunakula kwanza."

Saa nne kasoro dakika mbili kipenga kililia getini. Sindano hakuwahi kuiona dakika ndefu kama ile. Wanawake watano waliinuka kwenye laini tano kwa pamoja. Nyekundu mbili ziling'olewa, njano tano zikachomekwa, wakakaa. Ile nyekundu ya laini ya saba Sindano aliikalia. Vyerehani vikanguruma, na laini nzima ikainamisha vichwa kwa adabu ambayo ingemtia shaka mtu yeyote anayewajua.

Bwana Kipenga aliingia kinyumenyume, uso kwa wageni, mkono mmoja umeinuliwa. Walikuwa wanne, na mkubwa wao alikuwa mama mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa kamba. "Kama mtakavyoona," Bwana Kipenga alikuwa anasema, "hapa mtu halazimishwi. Bendera inazungumza. Njano ni wanaofanya vizuri, nyekundu ni wanaohitaji kukumbushwa, na mtaziona zote mbili." Akageuka.

Bendera nane za njano zilikuwa zimesimama wima mezani, mpya, zinang'aa.

Sindano alimwona Bwana Kipenga akihesabu kwa midomo, moja mpaka nane, kisha akarudia kuanzia upande wa pili. Laini ya pili kuna mtu alikohoa, na kikohozi hicho mimi nina wasiwasi nacho.

"Hongera," mama mwenye mvi alisema. "Nyekundu ziko wapi?"

"Leo," Bwana Kipenga alisema, "leo hazikuhitajika."

"Wote wamefaulu?"

Angejibu nini? Aseme amedanganywa na washonaji wake mbele ya watu waliokuja kununua utaratibu wake? "Wote," alisema.

Mama yule aliitazama karatasi ya ubaoni, akaisoma taratibu, miwani imeshuka puani. "Hapa mmeandika wenye njano wanapulizwa na feni. Naona feni zote mbili zinaitazama meza moja."

Bwana Kipenga alikwenda mwenyewe kwenye feni ya kwanza. Alizunguka nyuma yake, akainama, akabonyeza kitufe. Feni ikaguna, ikageuza shingo, ikaanza kuzunguka: laini ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, ikafika laini ya saba. Upepo ulimpiga Sindano usoni akafumba macho. Kitufe kilikuwapo. Mwezi mzima kilikuwapo nyuma ya feni, na mwezi mzima wanawake walichuniana kwa ajili ya upepo ambao ungewatosha wote kwa kubonyeza kidole. Furaha ilimjaa Sindano, na hasira ikamjaa papo hapo, hata hakujua ipi inamtoa machozi.

Saa tano karani alipita na daftari la bendera, kama kawaida yake. Kilichosimama mezani ndicho kilichoandikwa. Ndiyo sheria aliyopewa, na yule karani alikuwa mtu wa sheria. Njano, njano, njano, mara nane. Mama mwenye mvi aliomba kulitazama daftari, akaupenda mwandiko, akatia sahihi yake chini ya ukurasa pamoja na tarehe. Baada ya hapo ukurasa ule usingefutika hata kwa wembe.

Mchana walikula wote kwa pamoja, kwa sababu wageni walikuwa wanatazama. Malkia alitangulia mstari hata hivyo.

Wageni walipoondoka, Sindano aliitwa. Bwana Kipenga alikuwa ameziweka bendera za njano zote mezani, za ofisini na zilizong'olewa laini.

"Nilipokea nane," alisema. "Hapa ziko kumi na tatu."

"Ulinipa kitambaa cha nane, bosi, nikakuletea nane."

"Na hizi tano?"

"Ni mabaki," Sindano alisema. "Ukitaka nitakufundisha kukata."

Bwana Kipenga alizihesabu tena. Sindano alijua anapima: kumfukuza ni rahisi, lakini barua ya kumfukuza itaandikwa sababu gani, na ile sahihi daftarini itaelezwaje. Mwishowe alizikusanya zote, njano na nyekundu, akazitia kwenye sanduku. Bendera ambayo kila mtu anaweza kujishonea haimtishi mtu na haimfurahishi mtu. Karatasi ya ubaoni ilibanduliwa jioni ileile, na kura ya Ijumaa ikafa pamoja nayo.

Walirudi nyumbani Sindano na wifi yake wakitembea sambamba. Sindano hakunyamaza tangu getini. Aliigiza midomo ya Bwana Kipenga ikihesabu, aliigiza feni ikigeuza shingo, alisimama katikati ya barabara kuigiza kikohozi cha laini ya pili, na watu wakamkwepa. Alisema Jumamosi wanakwenda kumtafutia wifi miwani, yeye mwenyewe atamshika mkono. Wifi alicheka mpaka akashika ubavu.

Walipofika kwenye uchochoro wao, wifi akaacha kucheka.

"Wifi. Kesho kura ingekuwapo, ungemwandika nani?"

Kudanganya kulikuwa rahisi, na siku ilikuwa nzuri. Sindano alitembea hatua kama kumi.

"Wewe," alisema. "Mpaka jana jioni, wewe. Nisamehe."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Na mimi ningekuandika wewe."

Sindano alisimama. "Mimi? Mimi ndiye mwenye kasi kuliko laini nzima."

"Hatukuwa tunatafuta mwenye kasi. Tulikuwa tumechoka kuomba ruhusa ya kukojoa." Wifi aliirekebisha kanga begani. "Tulikubaliana Jumatatu, pale bombani. Wanane."

"Wanane kati ya kumi na wanne?"

"Tisa, ukinihesabu mimi."

Kumbe zile soga zilizokatika kila alipokaribia zilikuwa za kumsema yeye. Wale aliodhani wanamstahi kwa kunyamaza walikuwa wanamzika. Wanawake tisa, na kila mmoja anamjua mpaka idadi ya watoto wake, na kila mmoja alimwamkia asubuhi hiyo kwa heshima, shikamoo dada. Iliuma. Iliuma pale hasa palipokuwa na furaha dakika moja iliyopita, na cha ajabu furaha haikuondoka; vyote viwili vilikaa humo ndani vinasukumana.

Alitaka kuuliza ni nani na nani. Majina yalikuwa karibu, wifi angeyataja mmoja mmoja akiombwa, na mwezi mzima Sindano alikuwa amezoea kukusanya majina. Akayaacha yapite. Aliutia mkono wake chini ya kwapa la wifi yake, akauliza kama nyumbani kumebaki unga, na wifi akasema upo wa kuwatosha mpaka Jumapili.